Sera ya vijana ya kaunti: kuchukua maoni na kuyarudishia jibu

SWALI: Mimi ni afisa wa masuala ya vijana katika kaunti moja ya Pwani ya Kenya. Tumeagizwa tuwe na sera ya vijana kabla mwaka wa fedha haujaisha. Rasimu imeshaandikwa na mshauri, ni kitabu kizima, na iko kwa Kiingereza. Mimi nimepewa pesa za mikutano miwili ya kuchukua maoni, mmoja makao makuu ya kaunti na mwingine mjini. Vijana niliowadokezea wananiambia sisi huwaita kupiga picha na kutia sahihi tu, hawaji. Nifanyeje ili safari hii maoni yao yaingie kweli? Nianzie wapi? Na je, ni makosa kuwapa nauli?

JIBU: Dada yangu, nianze na hao vijana waliokujibu hivyo, kwa sababu wamekupa taarifa muhimu kuliko yote utakayoipata ukumbini. Kijana wa Kenya hana shida ya kusema. Juni 2024 alisema mpaka dunia ikasikia. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa umepitia kwa kamati ya Bunge, umma ukaalikwa, watu wakapeleka maoni yao kwa maandishi na kwa mdomo. Bado vijana walijaa barabarani kuanzia Nairobi hadi Mombasa, Juni 25 wakaingia Bungeni, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi mswada. Kwa maoni yangu, kilichowachoma wengi ni kuulizwa na kisha kutoambiwa lolote. Sasa wewe unawafuata vijana walewale, au wadogo zao, na unabeba daftari la mahudhurio.

Kwa hivyo ushauri wangu wote unazunguka jambo moja: ipime kazi yako kwa jibu utakalowarudishia. Idadi ya waliohudhuria haitakuambia kitu. Ukishaamua kwamba kila hoja itakayotolewa itapata jibu la maandishi, utajua mwenyewe mikutano iwe wapi, uulize nini, nani aandike, na rasimu ya mshauri uifanye nini.

Rasimu hiyo usiitupe, ila usiitoe nje kama ilivyo. Kijana akionyeshwa kitabu kilichokwisha jalidiwa anaelewa kazi imekwisha na yeye ameitiwa sahihi. Isome mwenyewe kwanza, na uiweke kando ya Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Kenya ya 2019. Mara nyingi rasimu za kaunti huwa zimenyofolewa humo sura kwa sura. Futa jina la kaunti yako popote linapotajwa, kisha jiulize kama kurasa hizo zingeweza kusomwa Nyeri au Turkana bila mtu kushtuka. Zikiweza, bado hakuna sera. Kilichomo cha maana, yaani takwimu za vyuo vyenu vya ufundi, idadi ya vijana kwa kila wadi, miradi iliyoanzwa ikakwama, kitoe ukiandike upya kwa Kiswahili chepesi, kurasa nne tu: tunajua nini, hatujui nini, tunataka kuamua nini. Hizo kurasa nne ndizo za kwenda nazo kwa watu.

Bosi wako atasema muda hautoshi na mikutano miwili inatosha kisheria. Hapo unahitaji hoja mkononi. Katiba ya 2010 inaweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa kwenye Ibara ya 10, na Ibara ya 55 inataka dola ihakikishe vijana wanashiriki katika siasa, jamii na uchumi. Lakini kinachowabana nyinyi moja kwa moja ni Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kifungu cha 87 kinataja sera kwa jina, pamoja na sheria na bajeti, kwamba mwananchi apate nafasi ya kufaa katika kuziandaa na apewe taarifa kwa wakati. Kisha mkumbushe Kiambu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji George Odunga, iliifuta Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji alisema kaunti inapaswa kuwafikia watu kwa njia nyingi iwezekanavyo, na akazitaja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio za lugha za wenyeji. Mwaka uliofuata, kwenye kesi ya makaa ya mawe ya bonde la Mui kule Kitui, mahakama ilisema hakuna mtindo mmoja wa lazima wa kushirikisha umma, mradi taarifa iwafikie watu na makundi tofauti yatafutwe kwa makusudi. Hilo la pili ndilo linalokusaidia zaidi, maana linakupa uhuru wa kuacha ukumbi wa hoteli.

Ukumbi, fulana, kofia, bango kubwa lenye picha ya mkubwa, chakula cha mchana cha bafe: jumlisha gharama ya vitu hivyo kwa mikutano miwili. Chukua mfano wa Kilifi, yenye wadi 35 na watu 1,453,787 kwa sensa ya 2019. Kijana wa Bamba au wa Adu hatafika mjini kwa ajili ya mkutano wa saa tatu, na akifika ataondoka kabla ya zamu yake ya kusema ili asikose gari la kurudi. Pesa zilezile zinaweza kuwalipa vijana wawili kwa kila wadi, wakafundishwa siku mbili namna ya kuuliza na kuandika, wakapewa fomu, pesa za simu na nauli ya bodaboda, wakaenda walipo wenzao. Kila wadi ina msimamizi wake anayelipwa na kaunti na mwenye ofisi. Mtumie huyo kwa kutangaza na kupanga, lakini asiwe ndiye mwandishi wa maoni. Vijana wengi humwona kama mkono wa serikali, na kuna hoja hawatazitaja mbele yake.

Kabla hamjatoka, fanyeni kazi moja ya mezani ambayo huwa inarukwa. Jedwali la Nne la Katiba limegawa majukumu. Ya kaunti ni pamoja na kilimo na uvuvi, afya ya kaunti, biashara na masoko, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, utamaduni na burudani, michezo, udhibiti wa dawa za kulevya, na, hili watu hulisahau, kuratibu ushiriki wa jamii katika utawala wa mashinani. Ya serikali kuu ni polisi, vitambulisho, shule za sekondari, vyuo vikuu. Pwani utaambiwa habari za vitambulisho kila unapokaa. Utaambiwa habari za polisi kuwakamata vijana usiku. Huwezi kuwaambia wanyamaze kwa kuwa hilo ni la Nairobi, na huwezi kuandika kwenye sera kwamba kaunti itatoa vitambulisho. Andaa ukurasa mmoja unaoonyesha lipi ni letu, lipi si letu, na lile lisilo letu tutalipeleka kwa nani. Wasambazie vijana wako wa wadi. Bila ukurasa huo mtaahidi hewa bila kukusudia.

Sasa niingie kwenye jambo ninaloliona ndilo gumu kuliko yote: nani hatakuja.

Wanaokuja kwenye mikutano ya vijana ni walewale. Mwenyekiti wa kikundi kilichosajiliwa, mgombea wa kesho wa uwakilishi wadi, aliyemaliza chuo na anatafuta kazi, na wale wa makundi ya sanaa waliozoea kualikwa. Sauti zao ni halali, lakini si sauti zote. Ukitaka wengine, jiulize saa hizi wako wapi na wanafanya nini.

Mvuvi kijana anafuata maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hasa ufukweni ambako watu hutoka kutafuta pweza maji yakikupwa, hakuna atakayeacha riziki yake aje kukusikiliza. Panga kukutana nao siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Kusi ikivuma bahari inachafuka na wengi wanakaa nchi kavu, basi hapo utawapata bila shida. Anayefanya kazi kwenye hoteli za Watamu, Malindi au Diani hapatikani Desemba. Mwezi wa Ramadhani usiite mkutano mchana katika miji ya Waislamu, ila baada ya tarawehe maskani, yaani vijiwe vya mtaani, hujaa, na mazungumzo ya usiku ule huwa mazuri kuliko ya ukumbi wowote. Nakusihi uzichukulie maskani kwa uzito. Mtoto wa kiume wa mjini Mombasa au Lamu ana maskani yake kama babu yake alivyokuwa na baraza. Pale ndipo anapozungumza bila kuogopa, na pale humwiti, unamwendea, unaomba ruhusa kwa wakubwa wa maskani, unakaa, unanywa kahawa, na mazungumzo yanaanza yenyewe.

Wasichana ni habari nyingine kabisa. Msichana hayuko maskani. Aliyezaa akiwa shuleni yuko nyumbani kwa mamake, ana mtoto mkononi, na mkutano wa saa nne asubuhi unakutana na maji, kuni na uji wa mtoto. Mtafute kliniki siku ya chanjo, kwenye chama cha akina mama, kwenye madrasa ya jioni, au kwa msusi. Mwandishi wake awe mwanamke. Weka mtu wa kushika watoto, na uandike gharama hiyo kwenye bajeti wazi kama unavyoandika ya mafuta ya gari. Nimekaa kwenye vikao vingi vya Pwani ambavyo orodha ya mahudhurio inaonyesha nusu ni wanawake, lakini ukisoma kumbukumbu hakuna hata mmoja aliyenukuliwa. Kwa hiyo kuna vikao lazima viwe vya wasichana peke yao, na mzee wa mtaa asikae mlangoni.

Kuna umri pia. Ibara ya 260 ya Katiba inasema kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006 na ambao Kenya imeuridhia, unaanza na miaka 15. Sera yenu itafuata Katiba, sawa, lakini maamuzi mengi yanayomharibia mtu ujana wake hutokea akiwa na miaka 15 hadi 17: anaacha shule, anaolewa, anaanza kuuza muguka (majani ya kutafuna, jamii ya miraa), anapelekwa mjini kufanya kazi za nyumbani. Sikiliza rika hilo kwa idhini ya wazazi au walezi na uliweke kwenye sura yake. Shimo la Tewa kuna taasisi ya kurekebisha wavulana waliovunja sheria. Kama ningekuwa wewe ningeomba kibali niwasikilize wao, kwa sababu wanajua vizuri mahali ambapo huduma za kaunti ziliwapita.

Walemavu usiwaweke kwenye mstari mmoja mwishoni. Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya ishara, na mkalimani huyo atafutwe mapema, maana bara huko hapatikani kwa simu ya leo kwa kesho. Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji uende kwake, au umlipie tuktuk. Na katika wadi za bara, fomu ya Kiswahili haitoshi. Mwandishi ajue Kigiriama, Kiduruma, Kipokomo au Kiorma, kulingana na mahali, na aandike maneno kama yalivyotamkwa kabla hajayafasiri.

Jambo dogo la sheria ambalo litakuepusha na matata: ili kupokea maoni ya mtu huhitaji namba yake ya kitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uchukue taarifa unazozihitaji tu, na ya mtoto kwa idhini ya mzazi au mlezi. Karatasi za mahudhurio zenye namba za simu na sahihi hupigwa picha na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kama ushahidi kwamba mkutano ulifanyika. Kijana akishaona namba yake humo hasemi tena kitu kinachomgusa mkubwa yeyote.

Kuhusu maswali. Ukiuliza "mna changamoto gani?" utapata orodha unayoijua tayari: ajira, mtaji, mihadarati, michezo. Ni kweli tupu, na haikusaidii kuandika hata sentensi moja ya sera, kwa kuwa haikuambii kipi kitangulie wala kimekwama wapi. Uliza kilichotokea. Mara ya mwisho ulipokwenda ofisi ya kaunti kutafuta leseni, ilikuwaje? Ulichukua fomu ya chuo cha ufundi, mbona hukujiunga? Uliomba zabuni, ukafika hatua gani ukaacha? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha tundu liko wapi. Huenda ukaambiwa karo ilipatikana, lakini chuo hakina bweni na kijana wa Mwanamwinga hawezi kulala mjini. Hiyo ni sera nzima ndani ya sentensi moja.

Zoezi jingine ninalolipenda: mpe kila mtu kokoto kumi, weka chini karatasi tano au sita zilizoandikwa mambo ambayo kaunti inaweza kweli kuyagharimia, kama vyuo vya ufundi, kliniki za vijana, viwanja, mikopo, vifaa vya uvuvi, na umwambie agawe. Kisha aeleze kwa nini mahali fulani hakuweka hata moja. Hapo ndipo ubishi wa maana unapoanza, kwa sababu watu wanakabili upungufu wa pesa badala ya kuandika maombi yasiyo na mwisho. Hesabu kokoto, lakini andika na sababu. Sababu zina thamani kuliko hesabu.

Vijana watatofautiana, na usiogope kuandika kwamba walitofautiana. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo kabla mwezi haujaisha. Ukienda maskani leo utakuta kijana anayekuambia muguka umemmaliza ndugu yake, na kando yake ameketi anayelisha watoto kwa kibanda cha kuuza hiyo hiyo muguka. Mwandishi mvivu ataandika "vijana walieleza wasiwasi kuhusu mihadarati." Andika pande mbili, kila moja kwa maneno yake. Watakaoamua wajue wanamwamulia nani dhidi ya nani, na kama kuna wa kusaidiwa kuhama biashara.

Waheshimiwa watataka kuja. Mwakilishi wadi ana haki ya kuwepo, na baadaye ndiye atakayeipigia kura sera hii, basi usimfungie nje. Ila umwombe afungue kwa dakika tano kisha akae kwenye kikundi kama mwenzao, au aondoke. Itifaki ya kusalimu meza kuu hula saa nzima, na saa hiyo inatoka kwenye muda wa vijana.

Sasa jibu lenyewe, ambalo ndilo nililokuambia upange kwanza. Fungua daftari moja la majibu, la karatasi au la kompyuta. Kila hoja ipewe namba, wadi ilikotoka, na kundi la aliyeitoa bila jina lake. Kisha pembeni uandike jibu, na jibu liwe moja kati ya manne tu: imekubaliwa, na iko kifungu fulani cha sera; imekubaliwa kwa sehemu, na sehemu iliyoachwa ni hii; imekataliwa, kwa sababu hii; au si ya kaunti, na imepelekwa ofisi fulani tarehe fulani.

Nikupe namna yatakavyokuwa. Vijana wanataka kliniki zifunguliwe jioni ili waende bila kuonekana na majirani: afya ni ya kaunti, mnaweza kukubali, andikeni ni vituo vipi na kuanzia lini. Wavuvi wanaomba mitambo ya barafu kwenye bandari zao zote: uvuvi ni wa kaunti, lakini pesa huenda zikatosha bandari mbili, basi jibu ni la sehemu, na vigezo vya kuchagua hizo mbili viandikwe. Wanaomba vitambulisho vitoke haraka: si yenu, pelekeni barua na nakala yake ibandikwe. Wanadai asilimia 30 ya zabuni: hiyo tayari ni sheria kwa vijana, wanawake na walemavu kwa pamoja, hivyo kuiandika upya kama ahadi ni kuwauzia mali yao wenyewe, jibu la haki ni kuahidi kutangaza kila mwaka zabuni hizo zilikwenda kwa nani. Wanabodaboda wanataka ada ipunguzwe: hiyo iko kwenye mswada wa fedha wa kaunti, na jibu linataja tarehe ambayo mswada huo utafunguliwa kwa maoni ili wasikose.

Safu ya "imekataliwa" ndiyo itakayokutisha na ndiyo itakayokujengea imani. Wakubwa wako watataka iwe tupu. Wataandika "imezingatiwa" mbele ya kila hoja. Neno hilo likatae kwa heshima mpaka liondoke. Kijana mwenye akili timamu anakubali kuambiwa hapana kwa sababu iliyo wazi; anachojifunza kutoka kwa "imezingatiwa" ni kutokurudi. Kifungu cha 89 cha Sheria ileile ya Serikali za Kaunti kinaweka wajibu wa kujibu maombi na madai ya wananchi bila kukawia, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa mtu jibu ndani ya siku 21 akiomba taarifa. Bosi akisita, mwambie daftari hili litaombwa tu, ni bora mlitoe wenyewe.

Likishajaa, lirudisheni palepale lilikotoka, kabla sera haijapelekwa kwa Kamati Tendaji ya kaunti. Maskani ileile, kliniki ileile, bandari ileile, na muhtasari wake usomwe redioni, Pwani FM au redio ya karibu inayosikilizwa kwenu, saa ambayo watu husikiliza. Wape wiki mbili wa kusema "hapa hamkunielewa." Marekebisho yatakayotoka hapo huwa machache na ya maana sana. Baada ya hapo ndipo rasimu iende kwa Kamati Tendaji na kisha Bunge la Kaunti, ambalo nalo kwa Ibara ya 196 lina wajibu wake wa kushirikisha umma. Ukifika huko ukiwa na daftari, kazi ya kamati ya bunge inakuwa nyepesi.

Neno la pesa, kwa sababu sera nyingi za vijana hufia hapa. Sera si sheria na haina mfuko. Mkitaka hazina ya vijana ya kaunti, lazima iundwe chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kwa idhini ya Kamati Tendaji na Bunge la Kaunti. Na hata bila hazina, kila ahadi inapaswa kuingia kwenye kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na mwaka unafungwa Juni 30. Ukipitisha sera mwezi Juni kwa haraka ya kufunga mwaka, bajeti ya mwaka unaofuata imeshaandikwa na haina hata shilingi ya sera yako. Ndiyo maana ningemshauri bosi wako afadhali mkamilishe kuchukua maoni na kujibu kabla ya Septemba, ahadi za mwaka wa kwanza ziingie kwenye mpango wa mwaka, kuliko kukimbiza sahihi ya Juni. Tena mpango mkuu wa kaunti wa sasa unaishia 2027, mwaka wa uchaguzi. Sera ikiwa na hoja zilizohesabiwa wadi kwa wadi, itakuwa mkononi mwa watakaoandika mpango unaofuata, awe nani ameshinda.

Uanzie wapi? Wiki hii, ukurasa wa majukumu na zile kurasa nne za Kiswahili. Wiki ijayo, kaa na wasimamizi wa wadi na uwaombe orodha mbili: mahali vijana wanapokaa, na siku ambazo hawapatikani. Ukiwa na orodha hizo, ndipo umwendee bosi na bajeti uliyoipanga upya. Mwonyeshe kwamba jumla yake ni ileile.

Na nauli. Si makosa hata kidogo kumrudishia mtu alichotumia kukufikia. Makosa ni kulipa posho ya kukaa, kwa sababu hapo unanunua mahudhurio, na wanaojua kuhudhuria watakuja mara tatu kwa majina matatu. Tangaza kiwango mapema, kiwe nauli halisi ya kutoka kila kijiji, kilipwe mbele ya watu, na aliyekuja kwa miguu asipewe ya gari. Wenye ulemavu na wenye watoto walipwe zaidi, kwa sababu wao hutumia zaidi. Mkienda wenyewe hadi wadini, gharama hii itapungua sana. Mwanabodaboda hupoteza kipato kwa kila saa anayokaa nawe, hivyo mfuate stendi baada ya adhuhuri, abiria wakipungua, uulize swali moja au mawili, umwache aende akipata mteja, na uwepo tena pale kesho yake kumalizia.